Pua Iliyotubu

Mishamo, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Jovita,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako hapo Kigwena. Sisi huku ni wazima. Wifi yako Evangelina goti limepona, ila bado anachechemea siku za kupalilia. Mahindi yamefika kifuani. Mvua ya mwaka huu haina adabu, imebomoa choo cha jirani na kukiacha changu, na sasa jirani ananitazama kana kwamba niliipangia mimi.

Nimesikia Benita wetu amepata mchumba, mwalimu Hubert wa Magara. Nimefurahi kweli. Kwa kuwa marehemu baba yake hayupo, mjomba ndiye atakayemshika mkono mpaka mbele ya madhabahu. Nimeshaanza kuulizia suti.

Sasa, Jovita. Nakupigia simu, hupokei. Ukipokea, unakata. Halafu unaniandikia ujumbe wa maneno mawili, "niko sawa", kama mtu anayelipia kila herufi. Nimeona nikuandikie barua kama tulivyokuwa tukiandika zamani, wakati nyinyi mmetangulia kurudi Burundi na sisi tumebaki huku Tanzania. Nimempa Idi, yule anayevuka kuja kununua ndagala za ziwani huko kwenu. Barua angalau haikatwi.

Sikutaka kuligusa hili, lakini Beatrisi, mweka hazina wa wanawake wa kanisa lenu, ametuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa letu la huku. Sauti ndefu, alipumzika katikati akanywa maji. Anasema siku ya kuzindua paa la kanisa uliwanywesha pombe waumini wote, mchungaji akiwemo. Anasema pia kwamba pua yako imevimba na kuwa nyekundu, na kila mtu anajua pua ya namna hiyo inatoka wapi. Mimi ni mzee wa kanisa, na mwezi wa sita tunachagua mwangalizi wa jimbo, na jina langu limo. Watu wananiuliza. Niambie niwajibu nini.

Ni mimi kaka yako,
Dismasi


Kigwena, 5 Machi 2023

Kaka Dismasi, amahoro.

Barua yako ililala Nyanza-Lac kwa sababu Idi alizuiwa na mvua, kwa hiyo usiseme nimechelewa. Benita ni mzima, anakusalimu, anasema suti yoyote ile, ila isiwe ya kahawia. Mawese yanatoka vizuri, kila siku ya soko napanda gari na madumu yangu mpaka Rumonge. Wifi mpe pole. Mwambie natamani na mimi ningepata ugonjwa unaojua kalenda ya palizi.

Haya, habari ya paa. Umutobe unaujua, maji ya ndizi, mama alitulea nao. Siku unapokamuliwa ni kinywaji cha mtoto. Ukikaa siku mbili tatu kwenye joto hili la ziwani umekuwa pombe, na sisi tuliookoka hatuugusi tena. Kazi ya kuamua umefika wapi ni yangu tangu turudi kutoka huko. Nainama kwenye mdomo wa dumu, nanusa, nasema "unywewe" au "umwagwe", na hakuna aliyewahi kunibishia.

Safari hii tulikamua Alhamisi kwa sherehe ya Ijumaa. Gari la mgeni wetu likaharibika njiani kutoka Bujumbura, sherehe ikasogezwa mpaka Jumapili. Jumapili nikainama, nikanusa. Sikusikia ubaya wowote. Nikaonja, mtamu. Nikasema unywewe.

Kaka, ilikuwa ibada nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo! Mchungaji alihubiri mpaka saa tisa na hakuna aliyesinzia. Wazee waliimba wimbo mmoja wakaurudia na kuurudia, na kila wakiurudia walilia upya. Beatrisi na mke wa mwinjilisti, ambao hawasemezani tangu ule mwaka wa sufuria, walikumbatiana. Aliyegundua ni mzee Protasi, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Akiwa kwenye kikombe cha nne alisimama akapaza sauti: "Ndugu zangu, hii ni pombe!" Hakuna aliyemuuliza yeye ladha ya pombe aliijulia wapi.

Wameniweka nyuma. Kwenu mnafanya vilevile, najua: benchi la mwisho karibu na mlango, huimbi kwaya, hushiriki Meza ya Bwana, mpaka utubu mbele ya watu. Nimewaambia nisameheni, niliwapa pombe bila kujua. Hiyo hawaitaki. Wanataka niseme kwamba mimi ni mnywaji, na kwamba nilizoea mpaka sioni tofauti. Protasi ananionyesha pua kwa kidole.

Pua ni mafua tu, yamekaa kidogo. Na simu yangu ina kasoro ya sauti.

Nijibu jambo moja, kaka. Wewe unaniamini?

Mdogo wako,
Jovita


Mishamo, 16 Aprili 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Pasaka imepita salama. Tulibatiza watu, mmoja akateleza mtoni akambatiza na mwinjilisti. Evangelina anakusalimu. Suti ya kahawia nimeiweka kando ingawa haina tatizo lolote.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kuhusu mafua, fanya hivi: chemsha majani ya mwarobaini, jifukize asubuhi na jioni chini ya blanketi. Yakigoma, kitunguu saumu. Yakigoma tena, kuna mama hapa anauza mafuta meusi ya kudondosha puani, yanaunguza sana, maana yake yanafanya kazi. Nitamtuma Idi.

Juu ya simu yako yenye kasoro: Evangelina alikupigia kwa namba ya jirani na ukapokea. Anasema simu inasikika vizuri kabisa, ila sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyebanwa pua kwa vidole. Amekaa siku nzima akiniuliza una nini. Nimemwambia ni mtandao wa Burundi.

Sasa nakushauri kama mzee wa kanisa, siyo kama kaka. Tubu. Harusi ya Benita mmeipanga mwezi wa kumi na mbili, na mama aliye chini ya nidhamu hakai benchi la mbele wala hasimami na bibi harusi madhabahuni. Ni utaratibu, sikuutunga mimi. Mtoto ataingia kanisani na mama yake amekaa mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza karanga! Unasimama, unasema sentensi mbili, wanaimba pambio, yamekwisha. Nimeongoza toba nyingi na sijaona mtu aliyekufa kwa toba.

Umeniuliza swali. Ni swali zuri. Ila Idi amesimama mlangoni na mzigo wake, anataka kuondoka.

Kaka yako,
Dismasi


Kigwena, 28 Mei 2023

Kaka Dismasi, amahoro.

Murakoze kwa mafuta meusi. Nilidondosha tone moja nikaona nyota mchana. Mengine Benita anaulia siafu, yanafanya kazi kweli. Hubert alikuja na wazee wake, watu wa kawaida, wamekula vizuri. Waliuliza habari zako, nikasema unatafuta suti.

Nilikudanganya. Simu haina kasoro, kasoro ni yangu. Mwaka mzima na zaidi pua yangu imeziba kama iliyojazwa matambara. Inatoa magamba, inatoa damu, uso unauma hapa chini ya macho, na sauti ndiyo hiyo aliyoisikia wifi. Sikupokea simu ili usinisikie. Na harufu, kaka, sina. Sikujua kwamba sina. Mtu hajui kitu kimeondoka kama kiliondoka polepole. Nilikuja kujua baada ya ile sherehe, nilipokuwa nimekaa mbele ya sufuria ya maharage na Benita akapiga kelele kutoka barabarani kwamba nyumba inaungua. Maharage yalikuwa mkaa, na mimi nimeyakodolea macho, naimba. Hapo ndipo nikaelewa umutobe. Nililia sana siku hiyo.

Kwa nini sikusema? Ungesema wewe? Mimi nauza mawese Rumonge, watu wananiletea mafuta yao niwanusie kama ni ya wiki hii au ya mwaka jana. Nani atamletea mafuta mwanamke asiye na pua?

Hospitali ya Rumonge waliniambia "sinusite", uvimbe wa ndani ya pua, wakanipa vidonge, nikamaliza, wakanipa vingine. Mwisho wakanituma Bujumbura kwa daktari wa pua, masikio na koo, mwanamke kijana, mkali, hana maneno mengi. Aliingiza kamera, akanipiga picha ya kichwa, akakata kipande kidogo ndani ya pua. Kikapelekwa kupimwa nchi za nje. Kipande cha pua yangu kimepanda ndege, Dismasi. Mimi mwenyewe sijawahi.

Majibu yaliporudi walisema pengine ni kifua kikuu. Sijui Beatrisi alisikiaje, lakini Jumapili ile nilikuwa na benchi la mwisho zima peke yangu. Wakapima makohozi, wakapima damu, wakapiga picha ya kifua: tezi za kifuani zimevimba, ila kifua kikuu hakuna. Daktari akaniambia ni sarkoidozi. Nikamwambia aandike, maana sitaweza kulibeba jina hilo mpaka Kigwena. Akanieleza hivi: mwilini kuna askari wa kupigana na magonjwa. Kwa wengine askari hao wanakusanyika mahali pamoja bila adui yeyote, wanaketi, wanajenga, na panavimba. Wangu wamejikusanya puani na kwenye matundu ya mifupa ya uso, na kidogo kifuani. Wamepiga kambi. Nikacheka mpaka akashtuka. Nikamwambia daktari, nimezaliwa kambi ya wakimbizi, nimekulia kambini, nimerudi nyumbani na umri wote huu, na sasa kambi imenifuata ndani ya pua!

Siyo pombe. Haiambukizi. Siyo mkosi wala kurogwa. Nimepewa vidonge vya kila asubuhi baada ya kula, na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Daktari aliandika karatasi kwa Kifaransa, nikaipeleka kwa kamati. Protasi akampa mwalimu aisome. Mwisho wake imeandikwa kwamba chanzo cha ugonjwa huu hakijulikani. Protasi akaikunja vizuri akanirudishia. "Mama Benita," akasema, "dogteri mwenyewe iko anasema hajui chanzo. Sisi tunakijua."

Kwa hiyo nakuuliza tena. Unaniamini?

Jovita


Mishamo, 6 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta imechelewa, Idi alikuwa na homa. Mahindi tumevuna. Uchaguzi ulifanyika. Mungu ana mipango yake. Suti nimepata, bluu.

Pole sana na ugonjwa. Evangelina amelia, na amesema nisikuandikie mambo mengine, nikuandikie pole tu. Basi, pole.

Lakini nimefuatilia, usidhani nimekaa. Nilikwenda kwa mganga wa zahanati hapa na lile jina. Akanitazama akaniuliza kama nimeliandika vizuri. Akafungua kitabu, akakifunga, akasema lipo, lakini hajawahi kuliona na macho yake. Nikalipeleka kwa wazee wenzangu kwenye kikao. Jovita, ugonjwa usiokuwa na jina la Kiswahili ni mgumu sana kuutetea kikaoni. Nilisema "sarkoidozi" na mzee mmoja akauliza ni dhehebu gani. Hakuna uwezekano kwamba hata hicho kifua kikuu kipo kidogo? Kifua kikuu watu wanakijua, wanakihurumia. Ningesimama mbele ya kanisa zima nikasema dada yangu ana kifua kikuu na hakuna ambaye angefungua mdomo.

Sisemi udanganye. Nauliza tu.

Harusi inakaribia. Mtoto asiwe na mama mlangoni. Ndilo ninalofikiria mimi.

Kaka yako,
Dismasi


Kigwena, 24 Septemba 2023

Kaka, amahoro.

Bluu ni nzuri. Pole kwa mipango ya Mungu.

Kifua kikuu sina, na nikikipata nitakujulisha kwanza wewe.

Vidonge vinafanya kazi. Usiku silali vizuri na nina njaa kama mtu aliyefungua mfungo: juzi nilikula ugali wa watu watatu na ndagala zao, nikaangalia kama kuna anayemaliza sahani yake. Sura imekuwa ya mviringo, mashavu yamejaa. Sokoni Rumonge wananiita patroni, wanafikiri biashara imenikubali. Wanaume wawili wameuliza kama nimeolewa! Daktari amenikataza chumvi na sukari na ananipima damu, kwa hiyo unene huu siufaidi hata kidogo.

Lakini pua inapungua. Ule wekundu umefifia, napumua. Na wiki iliyopita nilikuwa uani, jirani ameanika ndagala zikanyeshewa zikaoza. Nikazisikia! Harufu mbaya kuliko zote duniani, kaka. Nilisimama pale kwenye ua wake nikivuta pumzi kama mwehu mpaka akatoka kuniuliza kama nataka kununua. Harufu haijarudi yote, inakuja na kuondoka, daktari hajaniahidi. Ila siku ile ilikuja.

Sasa sikiliza. Kamati ya nidhamu imekuja nyumbani, wote watano, wakakaa, wakaniangalia pua. Wakaiangalia upande huu na upande ule. Protasi akatikisa kichwa kwa furaha, machozi yanamlenga, mzee wa watu. Akasema: "Bwana asifiwe, ameacha!" Nikamwambia sikuacha kitu, ninakunywa vidonge. Akasema ndiyo, ndiyo, Mungu anatumia njia nyingi. Yaani pua ilipovimba ilikuwa ushahidi kwamba nakunywa, na sasa imepona ni ushahidi kwamba nimetubu. Pua yangu imetubu kabla yangu, Dismasi. Imenitangulia madhabahuni.

Kwa hiyo maungamo hawayataki tena, wamenihurumia. Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja nitaitwa mbele. Mchungaji atamshukuru Mungu aliyemtoa dada yetu kwenye ulevi, na mimi nitajibu "Amina". Neno moja tu. Nikilisema narudi kwaya, narudi Meza ya Bwana, na tarehe 2 Desemba nakaa benchi la mbele na mwanangu. Nisipolisema, nakaa mlangoni.

Nalifikiria usiku na mchana. Ni neno dogo. Lakini daktari ameanza kupunguza vidonge, maana havifai kuliwa miaka na miaka, na amenionya kwamba uvimbe unaweza kurudi. Nikisema Amina leo, mwakani pua ikivimba nitasema nini? Watasema amerudia chupa. Na watakuwa na haki, maana nitakuwa nimekubali mwenyewe kwamba ilikuwa chupa. Kila Jumapili mpaka nizikwe watu watakuwa wananisoma dhambi zangu puani.

Benita sijamwambia. Nimekuambia wewe. Wewe na mimi tu ndio tuliobaki wa mama. Usinipe ushauri wa mzee wa kanisa, ninao watano hapa. Nijibu lile nililokuuliza.

Jovita


Mishamo, 29 Oktoba 2023

Jovita,

Sema Amina!

Neno moja, mdogo wangu. Nusu ya watu wanaosema Amina hata hawajasikia kilichosemwa, wengine wanaamshwa na hiyo hiyo Amina. Mimi mwenyewe nimesema Amina kwenye mambo ambayo nikikuambia utacheka. Mungu anajua moyo. Sema, ukae mbele, umwoze mtoto. Ya mwakani tutayaona mwakani.

Na nikuambie ukweli, huku nimeshatangaza. Jumapili iliyopita nilisimama nikasema dada yangu wa Kigwena amefunguliwa. Watu walishangilia, Evangelina peke yake hakupiga makofi, sijui ana nini siku hizi. Usiniaibishe.

Kuhusu safari, mambo ni mengi. Kibali cha kuvuka kinasumbua. Barabara za mvua unazijua. Goti la Evangelina limeanza tena. Nitajitahidi, lakini nikichelewa msinisubiri, na kiti cha mjomba mkiweke kama kawaida, ili watu waone kwamba mjomba yupo.

Kaka yako anayekupenda,
Dismasi


Kigwena, 10 Desemba 2023

Kaka Dismasi, amahoro.

Wifi nimempigia simu, kwa sauti yangu mwenyewe, tumeongea mpaka salio likaisha. Anasema goti ni zima kabisa. Ameniambia pia hakuna aliyekwenda kuulizia kibali. Haya.

Tarehe 12 mwezi uliopita niliitwa mbele. Nilivaa kitenge kile cha kijani. Mchungaji akaomba, akamshukuru Mungu aliyemtoa dada yetu Jovita kwenye kifungo cha ulevi, akanipa kipaza sauti. Nilikuwa nimekuja kulisema, nisikufiche. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nikafungua mdomo na halikutoka. Watu wakasubiri. Beatrisi akaanza kunisaidia kwa midomo, kama mtu anayelisha mtoto uji. Protasi hakuweza kuvumilia, akasema "Amina!" kwa niaba yangu, na mchungaji akamwambia taratibu kwamba haihesabiki, lazima itoke kwa mwenyewe. Nikasema: "Niliwapa pombe bila kujua, na ninaomba radhi. Nilikuwa mgonjwa, na bado ni mgonjwa. Pombe sijawahi kunywa." Nikarudisha kipaza sauti, nikarudi mlangoni.

Nyumbani nilimweleza Benita yote. Nilimwambia nisamehe mwanangu, nimekuharibia harusi kwa neno moja. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Sikujua anawaza nini. Nilidhani amenikasirikia, na sikumlaumu.

Harusi sasa. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika. Kanisa lilijaa, watu wa Magara walikuja na gari mbili. Kiti chako tulikiweka ulivyotaka, mstari wa mbele kabisa, na kitambaa cheupe juu yake. Mimi nilikaa kwenye benchi langu. Hubert amesimama madhabahuni na kola inamkaba. Kwaya ikaanza, Benita akaingia peke yake, maana wa kumshika mkono hakuwepo. Akafika usawa wa benchi la mwisho. Akasimama. Akakusanya gauni lake lote lile, akanisogeza kwa nyonga kama anavyofanya jikoni, akakaa.

Kwaya ikaimba ubeti, ikaurudia, ikanyamaza. Mchungaji akamwita kwa mkono. Benita akasema, na kanisa zima lilisikia: "Mchungaji, mimi naolewa hapa alipo mama. Kama ni mbali, nitawasubiri."

Nilimfinya ainuke. Haki ya Mungu, nilimfinya kwa nguvu. Hakuinuka.

Hubert ndiye wa kwanza kuja. Hakumuuliza mtu, alishuka tu, anafuta jasho, akaja akasimama mbele yetu. Wazee wake wakamfuata, maana wao ni wageni, walidhani ndivyo tunavyofanya huku. Mchungaji akabaki na madhabahu yake. Mwishowe akashuka na kipaza sauti, waya ukawa mfupi, ikabidi watu wa kinanda waunganishe waya mwingine, na kanisa lote linasubiri fundi. Waliokuwa mbele hawaoni kitu, wakaanza kunung'unika, mmoja akageuza benchi lake, wa nyuma yake akageuza. Wakageuka wote, kelele za miguu ya mabenchi kwenye sementi ungedhani paa jipya linashuka. Protasi peke yake alikataa. Alikaa akiitazama madhabahu tupu mpaka mwisho, amewapa mgongo bwana na bibi harusi, na kiti chako kitupu pembeni yake.

Kwa hiyo mwanangu ameolewa mlangoni, na mlangoni ndipo palipokuwa mbele. Nililia mpaka pua ikaziba upya, na safari hii hakuna aliyesema lolote.

Usidhani wamenirudisha. Kamati inasema suala langu bado liko mezani. Jumapili hii mabenchi yamerudi yalivyokuwa na mimi niko nyuma, kwa nidhamu. Ila nafasi hakuna tena. Benita na Hubert wamekaa hapo, na mke wa mchungaji naye amehamia, anasema mlangoni kuna hewa.

Daktari amepunguza vidonge tena. Wekundu umerudi kidogo upande wa kushoto. Natembea nao.

Swali nililokuwa nakuuliza, kaka, usijisumbue nalo tena. Benita amelijibu, na yeye hata sikumuuliza.

Wasalimie wote. Suti itunze, ni bluu nzuri.

Dada yako,
Jovita